Taya la Punda la Bibi Mwimbaji

Niseme kweli mapema, maana kisa hiki akikisimulia mume wangu huanzia katikati ili mie nionekane kichaa. Taya nililitupa mie. Si jini, si mwizi, si watu wa kaunsili. Mie, kwa mikono yangu hii miwili, Jumatatu saa sita mchana, ndani ya mto Thames, na nikaondoka bila kugeuka nyuma.

Kazi yangu ni keya. Naingia nyumba za wazee, nawaogesha, nawapikia, nawapa dawa zao, nasikiliza habari za miguu yao, naondoka. London nina miaka kumi na tisa, na katika miaka hiyo nimewaogesha watu wengi kuliko mvua. Shule sikusoma. Niliingia darasa la pili kwa mlango nikatoka kwa dirisha, nikaenda pwani na mama yangu kupanda mwani, huko kwetu Pemba. Kwa hiyo kalenda ninazozijua sawasawa ni mbili tu, ya mwezi na ya maji ya bahari. Nyingine zote naulizia.

Bibi ninayemsema anakaa Peckham, ghorofa ya tano, kwenye jengo ambalo lifti yake hufanya kazi siku ya kupatwa kwa jua. Siku ya kwanza nilifika nahema kama mbuzi wa Idi. Mlango ukafunguliwa, nikaona mama mtu mzima, mweusi ti, mashavu yamesimama, kichwani kilemba cheupe, sura ile ile ya shangazi yangu wa Wete. Nikasema moyoni, leo ofisi wamenipa mtu wa kwetu.

"Shikamoo, bibi!"

Akanitazama. Akanijibu maneno mengi kwa lugha inayokimbia kama maji ya bomba, na hata moja sikulijua. Nikarudi kwenye Kiingereza.

"Bibi, unatoka wapi?"

"Peru."

"Peru iko upande gani wa Afrika?"

Alicheka mpaka meno yake ya bandia yakaruka yakatumbukia kwenye chai, na chai yenyewe ilikuwa yangu. Hapo nimeongeza kidogo. Yaliangukia kwenye sahani.

Peru, akanieleza, iko Amerika ya Kusini. Watu weusi wa huko babu zao walichukuliwa kwa minyororo zamani za zamani, wakapelekwa mashamba ya miwa na pamba. Kiingereza chake kilichechemea mguu wa kushoto na changu kilichechemea mguu wa kulia, tukishikana mikono tulifika tulikokuwa tunakwenda. Akaanza kuniita mwanangu, kwa lugha yake. Nami nikawa namwita bibi, kwa yangu.

Sebuleni kwake kulikuwa na sanduku la mbao, tupu, lina tundu la duara nyuma. Mie nilidhani kiti. Miezi miwili nilikalia sanduku lile nikimenya viazi, nikapandia juu yake kufuta vumbi la kabati, na siku moja nililiwekea ndoo. Bibi ananitazama tu. Mwisho akaniambia, "Mwanangu, hiyo ni ngoma yangu."

Nilitaka sakafu ipasuke nitokee ghorofa ya nne.

"Kaa, kaa," akasema. "Hukaliwa. Ndivyo inavyopigwa."

Akanionyesha. Ukakaa juu, miguu umeitanua, mikono inashuka inapiga uso wa sanduku kati ya magoti. Wazee wake walinyimwa ngoma, akaniambia, mabwana wa mashamba waliziogopa. Basi wakachukua masanduku ya kubebea matunda. Bwana akija anakuta watu wamekaa kwenye masanduku wanapumzika, kosa liko wapi? Bibi akapiga kidogo, vidole tu, na vikombe vya kabatini vikaanza kutaka kucheza.

Maisha yake niliyapata vipande vipande, kipande wakati wa kumkata kucha, kipande wakati wa uji. Alizaliwa kijiji cha mashamba ya pamba, pwani ya kusini ya Peru. Mama alikufa mapema, akalelewa na shangazi aliyekuwa anafua nguo za watu. Shangazi yule alijua nyimbo zote, za kufulia, za kuvunia, za kubembelezea mtoto, na za kumtukana jirani bila kumtaja. Hata moja haikuandikwa. Bibi akazihamisha kutoka kichwa kile kuja kichwa chake kama mtu anayehamisha maji kwa kata, asimwage.

Alipokuwa msichana akaenda mji mkuu kufanya kazi za ndani. Tajiri wake akamsikia anaimba jikoni, akamwambia afunge dirisha. Jirani akamsikia, akamwambia afungue. Jirani yule alikuwa na kikundi cha ngoma, na kikundi hicho ndicho kilichomleta London kwa wiki tatu. Wiki tatu zenyewe mpaka leo hazijesha.

"Kilikuzuia nini, bibi?"

"Dereva wa basi."

"Alikuficha?"

"Alinioa."

Dereva alishafariki mie sijamjua. Bibi akasafisha maofisi alfajiri miaka na miaka, na Jumamosi akaimba kwenye kumbi za makanisa na harusi za watu wa kwao. Sauti yake iko kwenye santuri moja tu. Nimeiona kwa macho yangu. Kwenye gamba lake kuna picha ya msichana mweupe, mwembamba, amelikumbatia sanduku.

"Huyu nani?" nikauliza.

"Simjui. Mimi niliimba, yeye akapigwa picha."

Gamba lile analitumia kuwekea sufuria ya moto. Uso wa yule msichana umeshaungua wote, nami kila siku naongezea.

Mwaka wa kisa hiki shingo ya bibi ilianza kuvimba. Kwanza kama ndimu, halafu kama chungwa, mwisho kama embe dodo. Mjukuu wake anasema haikupita chungwa, basi tuseme chungwa. Madaktari wakasema lazima apasuliwe, na hawakumficha: uvimbe umekaa pale pale sauti inapopita, sauti inaweza kubaki, inaweza kwenda. Ikapangwa siku, Jumatano ya wiki ya pili yake.

Bibi hakulia. Alimpigia simu mjukuu wake. Huyo ni msichana wa chuo, mzaliwa wa hapa hapa, bibi akimsemesha Kihispania anaelewa kila kitu na kila kitu anajibu kwa Kiingereza. Nilipowasikia mara ya kwanza nilicheka peke yangu jikoni, nilidhani niko kwangu na wanangu. Mjukuu ana mashine nzuri ya kurekodi sauti. Wakaagana aje Jumamosi, kabla ya ile Jumatano.

Kulikuwa na wimbo mmoja. Mrefu, wa shangazi, na shangazi aliupata kwa mwingine, na huyo kwa mwingine. Ulikuwa na sharti. Kila anayeubeba anaongeza ubeti mmoja wake, mmoja tu, halafu anamkabidhi anayefuata. Na hauuzwi. Ndiyo maana haumo kwenye santuri. Bibi aliubeba zaidi ya miaka hamsini, ubeti wake hajauongeza, na mtu wa kumkabidhi hajampata.

"Nikiamka bila sauti," akaniambia, "wimbo utakuwa umefia pale kitandani kwa daktari, na mimi nikiwa mzima natazama."

Sasa ndiyo njooni Jumatatu, ile ya kabla ya Jumamosi hiyo.

Jumatatu mjukuu alimpeleka bibi hospitali kwa vipimo, nami nikabaki nasafisha chumba. Nikavuta kitanda. Chini, nyuma kabisa, karibu na ukuta, pana kitu kimefungwa kwa kitambaa chekundu.

Wa kwetu hapa keshanielewa. Asiye wa kwetu nimweleze. Watu wa Unguja wanatusema sisi Wapemba kwamba ni mabingwa wa uchawi, ati Mpemba akipiga chafya paka anageuka kuku. Uongo mtupu. Sisi si mabingwa wa uchawi, sisi ni mabingwa wa kuuogopa. Kitambaa chekundu chini ya kitanda cha mgonjwa, kwetu hakiulizwi kimetoka wapi.

Nikakifungua kwa mpini wa ufagio. Taya! Taya zima la mnyama, refu kama mkono wangu kutoka kiwiko, meno yote yamo na yote yamelegea. Nilipoligusa likalia *krrrrrr*, kama maiti anacheka kwa baridi. Niliruka mpaka jirani wa ghorofa ya sita akagonga sakafu yake.

Nikapiga hesabu. Chini ya kitanda taya, juu ya kitanda shingo inavimba. Hesabu hiyo haitaki cheti. Mtu kamtega bibi yangu.

Mume wangu ameshaniuliza mara mia nne kwa nini sikungoja nikamuuliza bibi mwenyewe. Mgonjwa haambiwi mambo hayo, ukimwambia ndiyo unamkabidhi kwa mchawi. Na dawa yake inajulikana: chumvi ya mawe, maneno ya Mungu, maji yanayotembea, na ukishatupa usigeuke. Nikalifunga upya kwa kile kitambaa, nikalitia kwenye mfuko wa sokoni, nikamimina pakiti nzima ya chumvi. Ili lizame nikaongeza kopo la nyanya, la kwangu mwenyewe, nimelinunua asubuhi ile.

Nikapanda basi mpaka Rotherhithe. Kila dereva akikanyaga breki, taya linacheka ndani ya mfuko. Mzee wa kiti cha mbele akageuka.

"Uko salama, mama?"

"Vyombo," nikamwambia. "Vyombo tu."

Kule Rotherhithe kuna ngazi za mawe za zamani zinashuka mtoni. Maji yalikuwa yamejaa, yamemeza ngazi zote yamebakisha tatu. Nikasoma nilichofundishwa chuo cha Kurani nikiwa mdogo, nikarusha, nikasikia *chubwi*, nikaondoka. Shingo yangu ilitaka kugeuka, nikaikatalia.

Jumanne na Jumatano nilifanya kazi kama malaika. Nilimwona bibi hata uvimbe umepungua. Nikawa najipongeza, Mungu anisamehe.

Alhamisi asubuhi, nampaka mafuta miguuni, bibi akasema, "Mwanangu, nitolee kihada changu. Kipo chini ya kitanda."

"Kihada ni nini, bibi?"

"Taya la punda. La shangazi yangu."

Mkono wangu ukasimama kwenye kisigino chake.

Akanieleza kwa furaha yake yote. Punda wa kijijini alipokufa, shangazi alilichemsha taya, akalianika juani mpaka meno yakalegea. Ukilipiga ngumi ubavuni meno yanalia yote pamoja. Kwao hiyo ni ala kama sanduku lilivyo ala. Padri wa shamba alilichukia, akasema ni kitu cha shetani, basi shangazi akawa analifunga kitambaa na kulificha chini ya kitanda. Bibi aliachiwa taya na desturi ya kulificha, vyote viwili.

"Na ule wimbo hauendi bila taya," akasema. "Sanduku ni miguu yake, taya ni pumzi yake. Nisipolisikia sijui pa kuingilia. Jumamosi bila taya hakuna wimbo."

Nikafunika chupa ya mafuta, na mguu mmoja nilikuwa sijaupaka.

"Nitalitafuta, bibi," nikasema. "Labda nililisogeza nilipokuwa nafagia."

Huo ulikuwa uongo. Mie chumvi nyingi huitia kwenye maneno yangu, kila mtu anajua, lakini ule ulikuwa uongo wa kweli, wa kujificha.

Jioni nikamwambia mume wangu. Yeye anafanya kazi kwenye ghala kule Hayes, ni mtu wa Unguja, na hajawahi kupata zawadi kama ile.

"Nyie Wapemba!" akasema. "Mmepanda ndege, mmepata paspoti, bado mnakimbizana na vitambaa vyekundu!"

"Cheka ukimaliza unisaidie."

"Nikusaidie nini? Limeshafika Ubelgiji hilo."

"Halijafika. Lina kopo la nyanya."

Akacheka mpaka akakaa chini. Mie nikaenda dirishani. Nilikuwa nimefunga zile siku tatu za katikati ya mwezi, kwa hiyo tarehe ya mwezi nilikuwa nayo mdomoni.

"Leo mwezi kumi na sita," nikasema. "Kesho kumi na saba. Bamvua, maji yanajaa na kupwa kupita siku zote."

"Ule ni mto, mke wangu, si bahari."

"Mto jina tu. Unajaa na kupwa kama Chake Chake. Jumatatu ulijaa saa sita mchana. Kila siku maji yanachelewa karibu saa moja. Kesho yatajaa saa tisa na kitu alasiri, basi saa tatu na kitu asubuhi yatakuwa makavu. Na kwa bamvua hii yatapwa mpaka samaki waombe viti."

Mume wangu akaacha kucheka. Yeye ana cheti cha fomu foo, lakini mwani hajapanda.

Ijumaa nikamwogesha bibi mapema, nikampa uji. Hakuniuliza. Alikuwa amekaa juu ya sanduku anapiga kwa vidole, anafika mahali, anasimama. Anarudi mwanzo, anafika pale pale, anasimama. Mara tatu. Nikachukua koti langu.

Saa tatu na robo niko kwenye ngazi. Wallahi mto ulikuwa umevuliwa nguo. Zile ngazi tatu sasa zilikuwa kama ishirini, na chini yake matope, mawe, vipande vya vigae, minyororo, mifupa. Mifupa kila mahali! Zamani upande ule walikuwa wanachuna ngozi za wanyama, na mto haujasahau. Nikaona mabaki ya farasi na ng'ombe wa kutosha kufungulia bucha, lakini taya langu silioni.

Nilishuka na viatu vya kazi. Hatua ya tatu matope yakachukua cha kushoto. Nikaendelea na kimoja. Nikaona kopo la nyanya, limekaa juu ya jiwe kama limewekwa dukani. Pembeni yake mfuko wangu, umechanika. Ndani hamna kitu.

Hatua kumi mbele palikuwa na Mzungu mrefu, mabuti mpaka magotini, ndoo mkononi. London kuna watu ambao starehe yao ni kupekua matope ya mto wakitafuta vifungo vya nguo za marehemu. Nikamwendea nachechemea. Ndani ya ndoo, juu ya viko vya tumbaku vilivyovunjika, taya la bibi.

"Habari za asubuhi," nikamwambia. "Hilo langu."

Akaniangalia kwa huruma. "Mama, hili ni la kale. Huenda lina miaka mia tatu."

"Mtoni lina siku nne. Nililitupa mwenyewe Jumatatu."

"Una kibali cha kushuka hapa?"

"Kibali sina. Nina ushahidi. Ligeuze. Jino la mwisho upande wa ndani limefungwa kwa waya wa shaba."

Waya ule niliuona nilipolifunga upya, ulining'aria kama jicho. Akaligeuza. Waya upo. Akanitazama mie, akatazama kopo la nyanya nililoshika, akatazama mguu wangu usio na kiatu.

"Kwa nini ulitupa taya mtoni?"

"Nilidhani linamuua mtu."

"Na sasa?"

"Sasa nadhani mie ndiye ninayemuua."

Akanipa. Hakuuliza zaidi, akanisaidia hata kuchomoa kiatu. Nikampa kopo la nyanya, akalikataa kwa adabu.

Lakini nilipolipiga ngumi, taya lilikuwa kimya. Matope yamejaa kwenye mizizi ya meno, limelowa chapa. Ni kama kupiga mkate. Nikaenda nalo nyumbani, nikaliosha kwa mswaki, jino moja moja, na nilipofika mbele nikaona pengo. Moja limebaki mtoni. Nikalikausha kwa taulo, kwa mashine ya nywele, mwisho nikalitia kwenye oveni, moto mdogo kabisa, mlango wazi kidogo.

Mume wangu akarudi kazini na njaa. Nikasikia anafungua oveni.

"Mke wangu."

"Naam."

"Kuna punda anacheka humu ndani."

"Mwache akauke."

Tulikula mayai.

Jumamosi mchana mjukuu alikuwa keshafika, ametandaza nyaya zake sebuleni kama mwani kwenye kamba. Bibi amevaa gauni jeupe na kilemba kipya. Nikamkabidhi kitambaa chekundu, nimekifua na kukipiga pasi, taya limo ndani. Nilikuwa nimejiandaa kusema nimelikuta nyuma ya kabati. Maneno nilikuwa nayo tayari, mazuri kabisa.

Bibi akalifungua. Akalinusa.

"Linanuka mto," akasema.

Basi nikasema yote. Kitambaa, hesabu yangu ya shingo, chumvi, basi, kopo la nyanya. Sikuongeza hata moja, na kwangu hiyo ni kama kufunga mwezi mzima. Mjukuu alikuwa ameshika mdomo. Bibi aliliinamia taya. Alipitisha kidole kwenye meno, moja baada ya moja, polepole, mpaka kwenye pengo. Kidole kikakaa hapo.

"Nani aliliogopa hivi mara ya mwisho?" akasema, kama anaongea na taya. "Padri. Na padri hakuwa na ujasiri wa kuligusa."

Akalipiga ngumi. *Krrr-rrr.* Lililia, lakini katikati pana kijishimo, sauti inaruka.

"Nifukuze, bibi," nikasema. "Nitapiga simu ofisini mwenyewe."

"Nikufukuze nani alipige? Mimi nakaa kwenye sanduku, mikono yangu ni miwili tu. Wewe uliyelitupa, wewe utalipiga."

Nilikataa. Nilisema mie si mtu wa ngoma, mie dini yangu, mie mkono wangu unauma. Akaninyooshea taya tu, mpaka nikalishika.

Saa nzima nilikosea. Bibi alinipigia kwenye meza, kwenye paja langu, mjukuu akanihesabia kwa Kiingereza, bure. Mwisho bibi akauliza, kwenu mnafanya nini wanawake wawili kwa pamoja? Nikamwambia, tunatwanga. Kinu kimoja, michi miwili, wako ukishuka wangu unapanda, ukichelewa unavunja vidole. Akapiga makofi. "Basi twanga!" Bibi akawa mchi wa kwanza, mie wa pili. Nikaacha kusikiliza, nikaanza kuogopea vidole vyangu, na mkono ukajua njia wenyewe.

Mjukuu akainua mkono. Mashine ikawaka.

Nimesikia waimbaji wengi, na kawaida yangu ningesema vioo vilivunjika na Peckham nzima ikasimama. Haikuwa hivyo. Sauti yake ilikuwa ya mtu mzima, nzito, imekwaruzwa na ule uvimbe, mara mbili ilikatika akaiokota. Aliimba habari za mwanamke anayefua nguo za watu wote, na kwa madoa tu anajua nani muongo, nani mlevi, nani ana huzuni. Beti nyingi, kila mmoja wa mtu aliyekwisha kufa. Mjukuu alikuwa ananinong'oneza maana. Ikafika mahali bibi akanyamaza, mikono inapiga tu, nami natwanga. Akafumba macho. Akaimba ubeti mmoja, polepole, na mjukuu akasahau kunitafsiria, machozi yanamtoka na anacheka.

Baadaye akaniambia. Ubeti ulisema: amekuja mwanamke wa bahari nyingine, kasikia punda anacheka chini ya kitanda, kadhani anakula shingo yangu, kampeleka mtoni; maji yakamrudisha, yakachukua jino moja kuwa nauli.

Jumatano bibi akapasuliwa. Sauti haikurudi. Imebaki kama mtu anayekwaruza sufuria kwa kijiko, na ukitaka kumsikia lazima usogeze sikio. Wiki za mwanzo alikuwa haongei kabisa, anageukia ukuta, na mie sikuwa na mzaha wowote wa kumpa. Mjukuu ndiye aliyeanza. Alikuja Jumamosi moja, akakaa juu ya sanduku bila kuomba ruhusa, akaimba ubeti wa kwanza. Bibi akageuka, akamkosoa kwa mkwaruzo wake, kwa Kihispania. Na mjukuu akajibu kwa Kihispania. Kibovu, bibi anasema, kama Kiingereza changu. Lakini alijibu.

Sasa wimbo wote anao. Mwezi uliopita aliuimba kwenye ukumbi wa kanisa, watu hamsini hivi, mie nitasema mia tano. Bibi kwenye sanduku, mie na taya, nimejifunga mtandio wangu vizuri, mume wangu mstari wa mbele anapiga picha kama mwendawazimu. Pale penye pengo la jino mlio unaruka kidogo. Mwanzo ulikuwa unamkwaza mjukuu. Siku hizi akifika hapo anavuta pumzi, anapaacha wazi, halafu anaendelea. Anawafundisha wasichana wawili wa chuoni kwake, na wao nao nimewaona wanavuta pumzi hapo hapo, wanadhani ndivyo wimbo ulivyozaliwa.

Bamvua ikifika huwa nakwenda Rotherhithe, nasimama juu ya ngazi kuangalia kama lile jino limetoka. Yule Mzungu wa mabuti aliniambia safari hii nisijaribu kushuka bila kibali, nami nimeomba. Wameniambia kuna foleni ndefu. Nangoja.